Moto Ufe, Joto Lilale

Kaka yangu akiingia nyumbani kwa mtu, kabla hajatafuta pa kukaa, anaupapasa ukuta. Anaweka kiganja cha mkono wa kulia, anatulia kama mtu anayesikiliza jambo, halafu anakihamishia mahali pengine: chini ya dirisha, nyuma ya mlango, pembeni mwa kabati. Akishamaliza ndipo anaamkia watu. Wazee walimwona hana adabu. Mtaa ulimwita Kiganja, na jina likamganda mpaka mkewe naye akawa analitumia, hasa akiwa amekasirika.

"Mimi nina mke mwenza," wifi alizoea kuwaambia wageni, "na mke mwenza wangu ni ukuta. Huyu bwana akirudi kazini anaanza kumshika yeye."

Ukimuuliza Kiganja anatafuta nini, atakujibu kwa swali: "Joto limekwenda wapi?"

Mungu amemchukua mwaka huu, baridi ikiwa ndiyo kwanza inaanza, kwa maradhi ambayo hayakumpa nafasi hata ya kulalamika. Mimi ni mdogo wake, na tangu tumzike nimejikuta nikiuliza swali lile lile. Simuulizi Mungu kwa kunung'unika, maana kazi yake haina makosa. Nauliza kama alivyouliza yeye, kwa kutaka kujua. Na kwa kuwa siwezi kupapasa ukuta nikapata jibu, naandika alivyokuwa.

Ujanani alikuwa fundi wa matanuri ya mikate. Tanuri la kuni ni chumba kidogo cha matofali chenye dari ya mviringo. Kuni zinawashwa humo ndani mpaka matofali yanabadilika rangi, kisha makaa yote yanakokotwa nje, sakafu inafutwa kwa gunia lililoloa, ndipo mikate inaingia. Maana yake mkate unaingia mahali ambapo moto haupo tena. Waokaji walifanya hivyo kila alfajiri na hakuna aliyeshangaa. Kiganja alishangaa.

"Mkate hauokwi na moto," aliniambia, akiwa na vumbi la udongo mpaka kwenye kope. "Unaokwa na tofali. Moto umepita tu kutoa ujumbe, ukaenda zake."

Nilicheka. Nilidhani ni maneno ya mtu aliyekaa sana peke yake ndani ya matanuri.

Baadaye viwanda vya mikate vikaingiza majiko ya umeme, na mafundi kama yeye wakarudi kujenga kuta za kawaida na kuziba nyufa. Kaka akarudi kwenye nyumba za watu, na nyumba za watu kwetu ni za baridi. Mji wetu uko juu. Kuna miezi ambayo nguo haikauki kambani na mafuta ya kupikia yanaganda kwenye chupa. Kila nyumba ilikuwa na jiko la pipa: pipa la chuma lililokatwa mlango, likawekwa miguu, na bomba la moshi likatokezwa ukutani. Likiwaka, aliye karibu anaungua magoti na aliye mlangoni anatetemeka. Likizima, chuma kinapoa kabla hujamaliza kunywa chai.

Kwa sababu hiyo watu walikuwa na ufundi wao, nao uliitwa kulaza moto. Wakati wa kulala unachagua gogo nene, bichi kidogo, unalilaza juu ya makaa, unalifunika majivu, halafu unafunga kidirisha cha hewa mpaka ibaki njia ya uzi. Gogo linafuka polepole mpaka asubuhi. Ukiamka unapangua majivu na kukuta makaa mekundu, unapuliza, siku inaanza. Ukiwaambia watu kwamba moto wa namna hiyo unatoa moshi mwingi kuliko joto, wanakujibu haraka haraka haina baraka.

Malkia wa kulaza moto alikuwa mama yetu. "Tangu niolewe," alipenda kusema, "sijawahi kuwasha kiberiti asubuhi." Alilisema mbele ya wakwe, mbele ya majirani, mbele ya mgeni aliyekuja kusoma mita ya maji. Kwake, nyumba iliyoamka bila kaa ni nyumba ya mwanamke mvivu, au nyumba iliyofiwa. Wengi wa rika lake waliamini hivyo hivyo.

Lakini kifua chake kilikuwa kinakwisha. Alikohoa tangu mwanzo wa baridi hadi mwisho wake, na kila mwaka mwisho huo ulisogea mbele. Mganga wa zahanati alimwambia waziwazi kwamba moshi ndio unaomla, na kwamba akiendelea kulala nao nyumba moja, asitegemee kuiona baridi nyingine nyingi. Mama alitoka pale akafunga kilemba chake vizuri na kusema, "Yule kijana hajui kuwasha hata sigara."

Kaka hakucheka. Kuanzia siku ile hakutafuta kitu kingine. Alitaka kumtoa mama yetu kwenye moshi kabla kifua hakijafungwa, na alijua kwamba mama hatatoka kwa kuambiwa.

Akajenga. Alichagua ukuta wa katikati, unaotenganisha sebule na chumba cha mama, akautoboa, akaweka humo kitu kilichofanana na kabati la matofali, refu kufikia bega. Chini palikuwa na tumbo dogo la moto lenye mlango wa chuma. Juu ya tumbo hilo alipanga njia za moshi kama matumbo ya mbuzi: moshi unapanda, unashuka, unapanda tena, na kila unapopita unaacha joto lake kwenye matofali, mpaka ufike nje umechoka. Alikandia kwa udongo na mchanga. Mimi nilichekecha mchanga na kuuliza maswali.

"Kwa nini tumbo ni dogo hivi?"

"Kwa sababu linakula kidogo."

"Na kwa nini mlango una matundu makubwa?"

"Kwa sababu linakula haraka. Moto mkali na mfupi, mdogo wangu. Kuni kavu, zilizopasuliwa, hewa tele. Uwake wote, usibakize moshi, halafu ufe. Tofali ndilo litakalokesha."

"Ufe?" Mama alikuwa kwenye kiti chake nyuma yetu. "Umesema ufe?"

"Ndiyo, mama."

"Katika nyumba yangu."

"Mama, sikiliza kwanza."

"Nasikiliza. Masikio ninayo, kifua tu ndicho mnachosema kibovu."

Muuza kuni wa kona ya mtaa naye alikuja kuangalia, mikono nyuma. Alizunguka lile kabati kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. "Kiganja, hiki kidomo kinakula vijiti viwili," alisema. "Unaninyang'anya tonge mdomoni na tulicheza pamoja utotoni."

"Nitanunua kuni zako, lakini nataka kavu. Acha kuzimwagia maji."

"Nani anamwagia maji? Umande huo."

"Umande unatoka kwenye ndoo siku hizi?"

Muuza kuni akacheka mpaka akashika mlango. Lakini alipotoka nje alitangaza mtaa mzima kwamba kwa mama yake Kiganja kumejengwa kaburi la moto.

Wiki ya kwanza mambo yalikwenda. Kaka mwenyewe aliwasha jioni, moto ukanguruma kama upepo ndani ya chupa, ukafa kabla ya chakula kuiva. Ukuta ukaanza kupata joto taratibu, ukawa kama ubavu wa mnyama aliyelala. Asubuhi bado ulikuwa na joto. Jambo la ajabu lilikuwa nje. Bombani hakukuonekana moshi, isipokuwa kidogo mwanzoni. Majirani, waliozoea kupima nyumba kwa moshi wake, walianza kuuliza kama tumeishiwa. Jirani yetu wa juu ya kilima, tuliyemwita Mama Pacha, alituletea mzigo wa kuni chini ya kanga na kuniambia kwa sauti ya chini, "Msione haya. Kukosa ni kwa wote."

Mama aliupokea mzigo ule. Baadaye nilijua kwamba aibu ya mzigo ule ndiyo iliyofanya yote.

Kaka alisafiri kwenda kumjengea mtu ukuta mji wa pili. Mama akabaki na kabati la matofali, na akaamua kulifundisha adabu. Jioni alichukua gogo nene la Mama Pacha, bichi, akalilaza juu ya makaa ya lile tumbo dogo, akalifunika majivu. Mlango wa chuma ulikuwa na matundu yasiyofungika, basi akayaziba kwa matambara mabichi. Na juu, kwenye bomba, kaka alikuwa ameweka kibati cha kufunga njia ya moshi baada ya moto kufa kabisa, ili joto lisitoroke. Mama alikijua. Akakifunga nacho. Alikuwa amelaza moto vizuri kuliko wakati wowote maishani mwake.

Mimi nililala kwa wifi siku hiyo. Niliporudi asubuhi nilimkuta mama amekaa kizingitini, mlango wazi, kichwa amekiinamisha magotini. Alikuwa ametapika. Alisema kichwa kinamgonga kama mtu anapasua kokoto ndani. Nyumba ilikuwa nyeusi kwa moshi. Mungu ndiye aliyemwamsha akaitafute hewa, na namshukuru mpaka leo kwa hilo.

Habari ikaufikia mtaa kabla ya jua kupata joto. Kaburi la moto limetaka kumzika mwenye nyumba. Watu wawili waliokuwa wamemwomba kaka awajengee walituma salamu kwamba wamebadili mawazo. Kaka aliporudi, mama alikuwa amelala chini ya mablanketi, na jiko la pipa limewashwa tena, linafuka, naye anakohoa.

"Livunje," mama alimwambia. "Hilo dude lako livunje leo."

Kaka alikaa ukingoni mwa kitanda. Nilitegemea atamweleza kosa lake, maana kosa lilikuwa wazi. Badala yake alisema, "Mimi ndiye niliyeweka kibati. Kitu kinachoweza kufungwa, siku moja kitafungwa." Akaenda moja kwa moja, akapanda kwenye stuli na kuking'oa kile kibati, akaziba nafasi yake kwa udongo.

"Joto si litatoroka?" nilimuuliza.

"Kidogo lipotee. Mama asipotee."

Halafu alifanya kitu ambacho mpaka leo nakifikiria. Mama alipopata nafuu, kaka alimwomba amfundishe kulaza moto.

"Una akili zako?" mama akasema.

"Ninazo. Nimelala kwenye moto wako tangu nizaliwe na sijawahi kukuona unavyofanya. Nionyeshe."

Alikuwa haigizi. Uso wake ulikuwa ule ule wa kupapasa ukuta. Mama alimtazama muda, akatafuta dhihaka asiione, akainuka. Mbele ya jiko la pipa alimwonyesha namna ya kuchagua gogo kwa kulipima uzito mkononi, namna ya kuligeuza upande wa ganda, unene wa majivu, na kidirisha cha hewa ambacho hukifungi kwa macho bali kwa sikio, mpaka mlio ukome. Kaka alirudia kila hatua. Mama alimchapa mkono mara mbili kwa kukosea. Nilikuwa sijamwona mama akifurahi hivyo kwa muda mrefu.

Jioni hiyo hiyo, upande wa pili wa ukuta, kaka aliwasha lile tumbo dogo kwa vijiti vikavu. Moto ukanguruma, ukafa.

Asubuhi nilikuwapo. Mama alipangua majivu kwenye pipa, na makaa yalikuwapo, mekundu, mazuri. "Unaona?" akasema, na kikohozi kikamkamata.

Kaka akasubiri kikohozi kiishe. "Naona. Sasa shika pipa."

"Niungue?"

"Shika tu, mama."

Akalishika. Lilikuwa baridi kama chungu cha maji.

"Haya, njoo huku." Akampeleka upande wa chumbani, akauweka mkono wake kwenye ukuta wa matofali. Mama alitulia. Akauweka na mkono wa pili. Kisha, bila kuambiwa, akainama kwa taabu, akafungua mlango wa chuma na kutia vidole kwenye majivu. Akachimbua. Hapakuwa na hata cheche.

"Mbona huku umekufa?" aliuliza.

"Umekufa tangu jana jioni."

"Na kule uko hai."

"Uko hai."

Mama alirudi sebuleni, akalishika pipa tena, akarudi chumbani. Alikwenda na kurudi hivyo, kiganja mbele, na nikaona kwa mara ya kwanza kaka yangu alikozirithi tabia zake. Mwishowe aliketi kitandani, mgongo umeegemea ukuta.

"Kule moto umelala, joto limetoroka," alisema polepole, kama anayesoma maandishi ya mbali. "Huku moto umekufa, joto ndilo limelala." Akaupapasa ukuta nyuma yake. "Sasa mimi miaka yote hiyo nilikuwa namlaza nani?"

Kaka aliinama kuufunga ule mlango wa chuma.

"Mtoto wewe," mama akasema, "ungeniambia kulaza joto, ningekuelewa siku ya kwanza. Ulikuja na habari za kufa."

Nimelifikiria jambo hilo sana. Kaka alikuwa na matofali, alikuwa na mahesabu ya njia za moshi, alikuwa na kweli yote mkononi. Alichokosa ni kitenzi. Alimwambia mwanamke aachie kitu kife, wakati kazi ya mwanamke huyo maisha yake yote ilikuwa kukilinda kitu mpaka asubuhi. Kazi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni kinacholindwa.

Kuanzia hapo mama ndiye aliyekuwa fundi wa maneno. Pipa lilitolewa nje, likapandwa mboga. Wanawake walikuja kumjulia hali, na mama hakuwaambia habari za moshi wala kifua, maana angewaambia wangeondoka. Aliwaketisha kitandani, mgongo ukutani, akawapa chai, akawaacha wasinzie. Wakishalegea anauliza, "Kwako asubuhi unaamka na nini?"

"Makaa, mama."

"Mimi naamka na joto. Makaa utayakumbatia?"

Akawafundisha kupasua kuni nyembamba na kuacha hewa wazi. Aliyeuliza moto utakaa vipi mpaka asubuhi aliambiwa, "Mwache afe, ametimiza kazi yake. Wewe laza joto." Hata kiberiti alianza kukisifia. Alikiweka mfukoni mwa gauni na kukitikisa mbele ya watu.

Mama Pacha alijengewa wa kwanza. Akafuata mwalimu, akafuata hata mganga wa zahanati, ambaye mama alimwambia, "Angalau sasa utajua kuwasha." Muuza kuni alivumilia, halafu alipoona kila mtu anauliza kuni kavu, alijenga banda na kuanza kuuza mafungu ya kuni zilizopasuliwa. Akaandika ubaoni kwa chaki: KUNI ZA KULAZA JOTO. Kaka alilipenda bango lile kuliko sifa yoyote. Akipita pale alikuwa anasimama kulisoma kama vile halijui.

Si kila nyumba ilikubali. Wapo waliosema watakufa na mapipa yao, na wengine walijenga halafu wakayaziba matundu kwa matambara, naye kaka akarudi kwao tena na tena bila kukasirika, akakaa kwenye stuli na kuomba aonyeshwe wanavyofanya. Alisema kila nyumba inakosea kwa sababu yake, na sababu hiyo ndiyo inayovutia kuliko kosa.

Kisha akaugua, akaondoka. Aliyetaka mama yake aione baridi nyingine aliondoka kabla ya mama. Nimeambiwa na wenye imani kuliko mimi kwamba tusihesabiane na Mungu, nami nakubali. Nasali, nalia, nakubali, halafu kesho yake naanza upya.

Siku ya tatu baada ya mazishi nyumba ilikuwa imejaa watu. Mama alikuwa ameketi kitandani na hakuwa amesema neno tangu kaburini. Mama Pacha akaja, akashika mkono wake, akakaa naye. Nilimwona anataka kusema jambo na analimeza. Mwishowe akainama sikioni kwa mama, lakini mimi nilikuwa karibu, nikasikia.

"Naona haya kuliuliza leo. Ukuta wangu tangu juzi unarudisha moshi ndani. Yeye alisema kuna mahali pa kufungua na kusafisha. Nimepatafuta nimechoka."

Wifi alimkata jicho. Mtu mwingine alikohoa kwa kukemea.

Mama aligeuka taratibu. "Umepapasa chini, upande wa kushoto?"

"Nimepapasa kila mahali."

"Kuna tofali moja halijakandiwa kwa udongo. Ukiligonga linalia tofauti." Akavuta shuka lake mabegani, akasimama. "Twende."

"Mama, kesho," nikamwambia. "Watu wamejaa."

"Hao wana joto. Watoto wa huyu hawana."

Kwa Mama Pacha ni kupanda kilima, na njia ina mawe. Nilimfuata nyuma nikiwa tayari kumshika, kama nilivyozoea miaka yote. Alikwenda mbele, shuka linapepea, anamuuliza Mama Pacha moshi unarudi wakati wa kuwasha au baadaye, na kuni alizipata wapi, na bomba mara ya mwisho lilipanguswa lini. Nilikuwa nasikiliza pumzi yake. Katikati ya kilima mimi ndiye niliyesimama kupumzika, naye hakugeuka.